Magari ya Zamani Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ya klabu yetu ya magari ya zamani yameandikwa kwa hali ya Dodoma na majirani zake: kiangazi kirefu, vumbi, jua kali na maji ya kisima yenye chumvi. Mtu wa Tanga ana vita yake na kutu. Huku adui ni wengine.

Gari huhesabiwa la zamani likiwa na miaka mingapi?

Shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linataka gari liwe na miaka 30 au zaidi, liwe karibu na lilivyotoka kiwandani, na lisiwe gari la kazi za kila siku. Kipengele hicho cha mwisho kinachekesha kidogo huku kwetu, maana Land Rover 109 ya mwaka 1972 bado inapeleka magunia gulioni na haijui kwamba ni kumbukumbu. Klabu inatazama umri na uhalisia. Kama linabeba magunia, lioshe tu kabla ya kuja.

Nataka kununua la kwanza. Nichukue lipi?

Chukua lile ambalo fundi wa karibu nawe analifungua bila kubahatisha. Kwa Dodoma hiyo ina maana ya magari manne au matano.

Land Rover Series IIA (1961 hadi 1971) na Series III (1971 hadi 1985), zenye injini ya petroli ya lita 2.25, ndizo rahisi kuliko zote kufungua kwa spana chache. Bodi yake ni ya aluminiamu, lakini chasisi na ukuta unaotenganisha injini na kabini ni chuma, na hapo ndipo pa kutazama. Peugeot 404 na 504 zina springi laini zinazomeza barabara mbovu. 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Volkswagen Beetle haina rejeta, kwa hiyo haina maji ya kuchemsha, ila inadai oili safi bila mjadala. Pikapu ya Datsun 1200 na Corolla za miaka ya 1970 hazina majivuno, na kwa anayeanza huenda ndizo chaguo la busara zaidi.

Ogopa gari lililopungukiwa na vioo, taa, vipini vya milango na urembo wa nje. Injini iliyokufa hufufuka kwa fundi wa kuchonga. Kioo cha mbele cha 404 hakichongwi.

Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Uliza kwanza gari limeishi wapi. Lililokaa Dodoma, Singida au Tabora miaka yote kwa kawaida lina bodi nzuri na mipira iliyokauka. Lililotoka pwani ni kinyume chake. Lala chini, gonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma kuja mbele: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Penye puti nene au lami iliyopakwa juzi, choma kwa bisibisi.

Fika gari likiwa baridi na uguse boneti. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha kabla hujafika pengine anaficha tabia ya asubuhi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli kuzidi, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda, mara nyingi kwa gasketi ya silinda hedi. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando kama maziwa ya mgando, shuku hiyo hiyo gasketi.

Ukipima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kumbuka Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo geji itasoma pungufu ya kitabu kwa takribani asilimia 10 hata kwenye injini nzima. Linganisha silinda kwa silinda. Tatu zikisoma sawa na moja ikaanguka, umelipata tatizo.

Kadi ya gari ina jina la marehemu. Ni shida?

Ndiyo. Mwenye haki ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo mtoto mkubwa wala shemeji. Nakili namba ya chasisi na ya injini kutoka kwenye gari lenyewe, zilinganishe na kadi, kisha thibitisha TRA kabla ya malipo. Injini za magari haya zimebadilishwa mara nyingi, na namba isiyolingana itakukwamisha kwenye kuhamisha umiliki.

Kwa nini gari langu linachemsha?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lina sehemu nne.

Ya kwanza ni mwinuko. Kwa urefu wa Dodoma maji yasiyo na mgandamizo huchemka karibu na nyuzi 96, siyo 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaokurudishia nafasi: kila psi 1 ya mgandamizo huongeza kama nyuzi 1.5. Mfuniko mzima wa psi 9 unakupeleka hadi karibu 109. Mfuniko uliochoka mpira unakuacha kwenye 96, na hapo kilima kidogo cha saa nane mchana kinatosha. Mfuniko ni spea ya bei ndogo, lakini watu hubadilisha rejeta nzima kwanza.

Ya pili ni maji. Maji ya visima vya huku yana chumvi na madini mengi, yale yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ndani ya injini ukoko huo hushika kuta za silinda na kuziba mirija ya rejeta. Usiweke maji ya bomba wala ya kisima. Tumia maji yaliyotoneshwa, au maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kusafisha bati, yakachujwa kwa kitambaa. Changanya na kuleanti ya kuzuia kutu, theluthi moja kwa theluthi mbili za maji. Ukiomba dukani maji yaliyotoneshwa kwa jina la "maji ya betri", soma chupa: wengine watakupa asidi.

Kuondoa ukoko wa zamani, mwaga maji yote injini ikiwa baridi. Yeyusha ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, gramu 50 kwa kila lita. Land Rover ya lita 2.25 inachukua kama lita 10, kwa hiyo ni nusu kilo. Washa injini hadi ipate moto, iache inguruke dakika 20, zima, subiri ipoe, mwaga. Suuza mara tatu au nne hadi maji yatoke maangavu. Kwa injini yenye silinda hedi ya aluminiamu kama ya Peugeot, punguza dawa nusu na muda nusu. Halafu jiandae: ukoko ukitoka, tundu ulilokuwa umeliziba litavuja. Dawa haikulitoboa, imelifichua tu.

Ya tatu ni thamostati, yaani valvu ya joto kwenye njia ya maji ya injini, iliyong'olewa. Mafundi wengi huitoa kwa imani kwamba maji yatapita haraka. Kwenye injini nyingi za zamani kuna njia ya pembeni ambayo thamostati huifunga injini ikipata moto. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kufika kwenye rejeta. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata moto na oili inashika tope. Irudishe.

Ya nne ni vitu vidogo: feni belti iliyolegea (ikibonyezwa katikati kwa kidole ishuke kama milimita 13, siyo zaidi), taimingi iliyochelewa, na mapezi ya rejeta yaliyojaa panzi na mbegu za nyasi. Zipulize kwa upepo kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Kichujio cha hewa cha bakuli la oili nikibadilishe niweke cha karatasi?

Usikibadilishe. Kwa vumbi la huku bakuli la oili ni mali. Hewa inagonga oili, vumbi linazama, wavu unashika kilichobaki. Kinachokiharibia jina ni uvivu. Wiki ya barabara za lami, funua utazame. Siku ya vumbi la kweli, kama njia za Bahi au Mpwapwa vijijini, safisha jioni ile ile: mwaga oili, futa tope chini ya bakuli, osha wavu kwa mafuta ya taa, ukauke, jaza oili ya injini hadi alama. Ukizidisha, injini itaivuta na kutoa moshi. Ukipunguza, vumbi linapita hadi kwenye ringi. Kagua pia mpira unaounganisha kichujio na kabureta, kwa maana ufa wa milimita mbili pale unafuta kazi yote.

Oili gani, na baada ya kilomita ngapi?

Oili ya madini SAE 20W-50 inafaa karibu magari yote tunayozungumzia. Oili nyepesi za magari ya kisasa, 0W-20 na ndugu zake, zitapita kwenye nafasi za injini hizi kama maji, na nyingi zimepunguzwa zinki ambayo tapeti za zamani (vyuma vinavyosukuma valvu) zinaihitaji. Vitabu vingi vinataja kilomita 5,000. Kwa vumbi letu, 3,000, au mara moja kwa mwaka hata kama gari halijatembea. Land Rover ya lita 2.25 inachukua lita 6 pamoja na kama lita moja isiyotimia ya kichujio. Beetle lita 2.5 tu, na ndiyo sababu hatukubali mzaha: lita hizo mbili na nusu ndizo zinazosaidia upepo kupoza injini nzima.

Kwenye gia boksi zenye vipande vya shaba nyekundu au njano, omba oili ya gia ya daraja la GL-4. GL-5 ina kemikali zinazoweza kuila shaba. Na mpira wa chuma wa gurudumu la mbele la Land Rover, ule mkubwa wa duara, una oili yake, nusu lita kila upande. Wengi hawajui hadi ukauke.

Petroli isiyo na risasi itaua injini yangu?

Taratibu, na siyo zote. Risasi iliyoondolewa kwenye petroli ilikuwa inalinda vitako vya valvu za ekzosi. Silinda hedi ya aluminiamu, kama ya Beetle na Peugeot, ina vitako vya chuma kigumu vilivyopachikwa tangu kiwandani, tulia. Hedi ya chuma yenye vitako vilivyochongwa humo humo ndiyo hudidimia, hasa kwa mwendo wa kasi na mzigo. Dalili ni nafasi ya tapeti za ekzosi kupungua kila ukipima. Pima kila kilomita 5,000: milimita 0.25 kwa Land Rover ya lita 2.25, milimita 0.15 kwa Beetle, hii ya pili injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi isipobadilika, usifungue hedi kwa sababu ya hofu. Ikiendelea kupungua, weka vitako vigumu siku ya oveholi.

Linazima njiani mchana, likipoa linawaka. Ni nini?

Usianze kufungua kabureta. Likizima, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu.

Fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa "fyuu" na gari likawaka, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Nyigu wa udongo wanapenda sana vitundu hivyo, pamoja na vile vya kupumulia vya difu.

Halikuwaka? Chomoa waya wa plagi moja, uweke plagi nyingine mwishoni mwake, iguse chuma cha injini, mtu apige stata. Cheche iliyofifia au isiyokuwepo inaelekeza kwa kondensa au koili, vyote huchoka kwa joto na hupona vikipoa. Badilisha kondensa kwanza, ni rahisi na ndiyo mkosaji wa mara nyingi.

Cheche ipo ya buluu? Ondoa kichujio cha hewa, chungulia kabureta huku ukivuta waya wa mafuta. Usipoona mchirizi wa petroli, na pampu ni nzima, petroli imegeuka mvuke kwenye bomba. Weka kitambaa chenye maji juu ya pampu, subiri dakika kumi. Tiba ya kudumu ni kulisogeza bomba mbali na ekzosi au kuweka bati la kukinga joto kati yao. Vibanio vya nguo vinavyofungwa kwenye bomba ni mapambo.

Pointi, swichi ndogo ya cheche ndani ya distribyuta, ninazirekebishaje?

Toa kifuniko cha distribyuta na rota. Zungusha injini kwa mkono hadi kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya pembe ya kamu. Legeza skrubu, pitisha fila geji ya milimita 0.40 kwa Beetle, au kati ya 0.35 na 0.40 kwa Land Rover yenye distribyuta ya Lucas. Iguse kidogo tu bila kubana, kaza, pima tena, maana kukaza huisogeza. Paka grisi kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye kamu. Futa nyuso za pointi kwa karatasi safi isiyo na mafuta. Baada ya hapo taimingi lazima ipimwe upya, kwa kuwa ukigusa nafasi umegusa na taimingi. Kama nafasi inabadilika ukiisukuma shafti kwa kidole, bushi ya distribyuta imekwisha, na hakuna marekebisho yatakayokaa.

Breki inazama, nikipampu mara mbili inashika.

Kwa breki za ngoma, kwanza ni marekebisho ya viatu kabla ya kulaumu masta silinda. Inua gurudumu, zungusha kirekebishi hadi liume, rudisha kidogo hadi liwe huru. Isipotosha, toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishe kila miaka miwili. Usiweke kamwe oili ya injini au haidroliki: mipira inavimba, breki zinashika zenyewe, na utabadilisha kila mpira ulio ndani ya mfumo.

Tairi zina meno mazuri bado. Nibadilishe za nini?

Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la zamani lisilo na tarakimu hizo nne ni la kabla ya 2000, litundike ukutani. Jua la Dodoma hukausha mpira wa gari linalosimama zaidi ya la dereva wa kila siku. Kuanzia mwaka wa sita kagua nyufa kila safari, na likifika miaka kumi liondoe hata kama linang'aa.

Spana zangu za milimita zinacheza kwenye kila nati. Kwa nini?

Kwa sababu gari la Kiingereza halijui milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 inaingia huku inacheza, kisha inaikata nati pembe. Land Rover za Series zinachanganya vipimo vya Kiingereza vya zamani na vya inchi za kawaida, hata kwenye gari moja. Beetle, Peugeot na za Kijapani ni milimita tupu.

Nasafiri, gari litasimama miezi sita.

Badilisha oili kabla, siyo baada, kwa kuwa oili chafu ina asidi. Ondoa betri, ichaji kila mwezi, isishuke chini ya volti 12.4. Jaza tairi upepo zaidi kidogo, au inua gari kwenye stendi. Acha handbreki wazi, weka kigingi. Ziba ekzosi na mdomo wa kichujio kwa wavu wa chuma: baada ya mavuno panya wanatafuta nyumba, na kwenye Beetle hujenga chini ya bati la feni, ambako hutaona kitu hadi injini iungue. Bandika karatasi kwenye usukani kukumbusha ulichoziba. Ukirudi, petroli ya miezi sita imechoka, itoe.

Niweke injini ya Toyota ndani ya Land Rover?

Ni gari lako. Ila uwiano wa gia, breki za ngoma na usukani vilipangwa kwa nguvu ndogo, na ukibadilisha injini utajikuta unabadilisha na vingine vitatu. Ukilazimika, usikate chasisi, na hifadhi injini ya asili ikiwa imejazwa oili na kufunikwa. Atakayenunua baadaye ataiulizia.

Spea zinapatikana wapi?

Za Kijapani hapa hapa mjini. Za Peugeot na Land Rover, anza Dar es Salaam, Gerezani na Kariakoo, ukiwa na kipande cha zamani mkononi, siyo picha. Bushi zinazokatwa kwenye tairi la lori zinafaa chini ya bodi. Kwenye springi na usukani, hapana.

Matembezi ya klabu yanakwenda wapi, na kwa utaratibu gani?

Ya kuanzia ni bwawa la Hombolo, nusu siku inatosha. Kongwa ni ya mashabiki wa mashine: mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulileta huko hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, na udongo ule ukavila vyuma vyake. Barabara ya Iringa hadi Mtera ina lami na mwonekano mzuri wa maji, na ukienda kaskazini, michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, inataka kulala njiani. Barabara hizo mbili ni vipande vya ile Barabara Kuu ya Kaskazini, njia ya zamani ya Cape hadi Cairo, kwa hiyo gari lako huenda limekwisha kupita hapo.

Tunaondoka saa 12 asubuhi na kusimama kivulini kuanzia saa 6. Lenye mwendo mdogo hutangulia, kilomita 70 kwa saa, na lenye fundi hufuata nyuma. Acha nafasi ya kutosha basi kuingia kati ya magari mawili, maana litaingia tu. Usiku hatutembei: dainamo ya zamani na taa zake haziwezi kushindana na malori ya njia ya Singida.

Nibebe nini?

Lita 20 za maji, kondensa, seti ya pointi, rota, koili, feni belti, plagi mbili, mita moja ya hozi ya petroli na klipu zake, waya, fyuzi, tyubu, kamba ya kuvutia, pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Mtungi uwe ndani ya kufikiwa na mkono wa dereva. Kwa Beetle hilo ni la lazima kuliko mengine, kwa kuwa hozi ya petroli iliyokauka iko juu ya injini ya moto.

Na mvua ikitukuta?

Kati ya Desemba na Aprili korongo kavu linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, usiyoiona. Maji yanayokwenda kasi hayavukwi, subirini. Yaliyotulia, mmoja atembee kwanza kwa fimbo. Yakifika kwenye feni, legeza belti ili isirushe maji kwenye distribyuta. Land Rover ina plagi ya kuziba chini ya kasha la klachi: ifunge kabla ya kuingia majini, ifungue mkifika nyumbani, la sivyo oili inayovuja italowesha klachi. Kesho yake legeza plagi za kumwagia oili za difu na za mipira ya chuma ya magurudumu ya mbele. Oili ikitoka nyeupe kama uji, mwaga yote uweke mpya siku hiyo hiyo.